Maua ya kitenge: unachagua kwa "aina ya mtindo" wako, kwa umbo, au kwa mshono?

#1 Yadi Sita
Salaam wakuu. Kuna hii mada ya "aina ya mtindo" inayozunguka mitandaoni. Mtu anajipima, anaambiwa yeye ni drama, klasiki, natura, romantiki au gamini, kisha anapewa maua yanayomfaa. Drama avae maumbo makubwa yenye pembe. Klasiki avae madogo yaliyopangwa sawasawa. Romantiki apewe ya mviringo yenye kingo laini. Natura majani, mistari isiyonyooka, rangi za udongo. Gamini vitu vidogo vinavyorukaruka, rangi zinazopigana.

Hoja yangu: orodha hiyo ni ya watu wanaonunua nguo iliyokwisha kushonwa. Sisi tunanunua kitambaa kwanza, mshono tunautafuta baadaye. Ua linalopendeza kwenye jora linaweza kukatwa vipande kumi kabla halijafika mwilini. Kuchagua ua bila kujua mshono ni kubahatisha, uwe drama uwe nani. Mafundi na wauzaji mliomo humu, nipingeni.

#2 Mkasi Mkali
Sikupingi, nakuongezea namba. Kabla hujalipa, pima rudio la ua. Tuseme kitenge ni cha ndege: weka kidole kwenye jicho la ndege mmoja, shuka na urefu wa kitambaa mpaka ukutane na jicho lile lile la ndege mwingine aliyekaa vilevile. Umbali huo ndio rudio. Likiwa inchi 6, kata utakavyo. Likiwa inchi 24, jiandae.

Chukua gauni linalotanuka chini, urefu inchi 42. Upana wa kitenge ni kama inchi 45, kwa hiyo mbele na nyuma havikai sambamba, kimoja kinakaa chini ya kingine. Bila kujali maua: 42 mara mbili ni inchi 84, yadi 2 na theluthi. Ukitaka ua la mbele na la nyuma vianzie mahali pamoja, kila kipande kinapanda hadi marudio mawili kamili, inchi 48. Hiyo ni inchi 96, yadi 2 na theluthi mbili, na mikono bado.

Kinachoharibika: kitambaa kikipungua, fundi anageuza karatasi ya kukatia, kipande kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini. Kwa vidoti hakuna atakayejua. Kwa ndege, mgongo mzima unakuwa na ndege walioning'inia.

#3 Mvivu wa Pasi
Akishaning'inia huyo siyo ndege tena, ni popo. Endelea fundi.

#4 Jicho Kali
Nyote mnaongelea mkasi, wakati tatizo linaanza usoni. Ua likiwa na weusi na weupe uliokolea, uso usio na utofauti wa namna hiyo unapotea. Watu wanaona nguo inatembea yenyewe.

Jaribio: simama karibu na dirisha, mchana, bila kujipodoa, kitambaa begani. Piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Angalia umbali kati ya sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa usoni (nywele, ngozi, jicho), kisha angalia umbali huo kwenye kitambaa. Vikikaribiana, ua hilo ni lako, liwe dogo au kubwa. Aina ya mtindo inafuata baadaye.

#5 Bi Pindo
#1 umeorodhesha tano, lakini hizo ni familia. Mfumo wenyewe aliuchapisha Mmarekani David Kibbe mwaka 1987, na aina zilikuwa 13: kila familia imegawanyika kufuatana na ukali au ulaini wa mwili. Mtu wa "drama laini" hapewi ua moja na drama kavu. Ukali wa mstari wa mwili ndio unaotafutiwa mwenzake kwenye nguo. Mabega ya pembe, maumbo ya pembe. Mwili wa mviringo, ua la mviringo.

Na #4, kipimo chako kina kasoro kwetu. Kimetoka kwa watu wenye nywele nyeusi juu ya ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi na nywele nyeusi kwenye picha isiyo na rangi vinakaribiana, kwa hiyo nusu ya Kariakoo mtaambiwa mvae vitambaa vilivyofifia. Nenda mtaa wa Uhuru ukaone kama ndivyo.

#6 Jicho Kali
Nimekuelewa kuhusu nywele. Ndiyo maana nimetaja na jicho. Weupe wa jicho na meno ni sehemu ya uso. Ila nakubali kitu kimoja: kwenye ngozi nyeusi sana, cha kutazama zaidi ni rangi ya ardhi ya kitambaa (ile iliyo nyuma ya maua) pale shingoni. Ardhi nyeupe inachora mstari mkali shingoni, na jicho linakomea hapo. Ardhi ya bluu ya nili au kahawia inaacha jicho lipande.

#7 Sindano 14
Wakuu, kuna jambo mnalirukia. Maua ya sahani, yale ya duara ndani ya duara. Ukubwa si shida yake, shida ni mahali linapotua. Duara la inchi 7 likitua juu ya ziwa, hakuna aina ya mtindo itakayokuokoa. Likitua moja tu na jingine likikosa, ni vibaya zaidi.

Namna ya kukwepa:
Pima kutoka bega (pale shingo inapoanzia) hadi ncha ya kifua, tuseme inchi 10 na nusu, na kati ya ncha na ncha, tuseme 7 na nusu. Chora alama hizo mbili kwenye karatasi ya kipande cha mbele. Toboa matundu. Tandaza karatasi juu ya kitambaa, isogeze juu na chini mpaka matundu yote mawili yaonyeshe ardhi tupu au sehemu isiyo na kitovu cha duara. Weka pini. Ndipo ukate.

Sogeza inchi 3 tu na nguo inabadilika kabisa. Fanya hivyo hivyo makalioni kwa sketi ya kubana.

#8 Mvivu wa Pasi
Sahani mbili mbele na sahani mbili nyuma, hiyo ni kabati la vyombo.

#9 Bwana wa Goma
Bandugu, salamu kutoka mashariki ya Kongo. Huku tunasema kikwembe, wingi bikwembe. Mnazungumza inchi na picha, lakini mama wa huku anauliza kwanza: kinaitwaje? Kiwanda kilikuwa kinatoa namba tu, majina yalitolewa na wanawake wa sokoni, kuanzia Afrika Magharibi mpaka Kinshasa. Kuna "Six bougies", plagi sita, za gari la silinda sita: anayevaa anasema ana uwezo. Kuna farasi anayeruka, wengine wanamwita "nakimbia kuliko mke mwenzangu". Kuna "jicho la mke mwenzangu", na ni jicho kweli limechorwa.

Sasa mtu wa klasiki, mpole, mwenye sauti ndogo, akivaa jicho la mke mwenza kwenye harusi ya shemeji yake, hata mrudio uwe inchi 2, nguo imekwishasema maneno. Hapo kipimo cha mwili hakisaidii.

#10 Yadi Sita
#9 umenifungua. Kwa hiyo tuna nadharia ya nne, ya jina. Lakini wanunuzi wengi Dar hawajui majina hayo, wanasema "nipe kile cha feni". Na kiwe feni, taa au kuku, wanaita maua.

#11 Duka la Kona
Muuzaji hapa. Niwarudishe kwenye kitambaa chenyewe, maana ua moja kwenye vitambaa viwili ni nguo mbili tofauti.

Kitenge cha nta: kinachapwa utomvu pande zote mbili, kinazamishwa rangi, utomvu unapasuka na rangi inapenya kwenye nyufa. Ndiyo ile mishipa midogo. Geuza: nyuma na mbele rangi ni sawa. Angalia mishipa kwenye maua mawili yanayofanana: ya nta halisi haifanani. Ikifanana nukta kwa nukta, mishipa imechorwa, hakuna nta hapo. Kitenge cha kuchapwa upande mmoja, nyuma ni hafifu. Maandishi ya pembeni yasikudanganye, kila mtu anayachapa.

Kwa nini inahusu mtindo? Kingo. Nta inatoa kingo zinazotetemeka kidogo, rangi zinaachana kwa nusu milimita. Mfumo huo wa Kibbe unampa natura na romantiki kingo laini. Kitambaa cha upande mmoja, na Java pia (aina ya kitenge kinachochapwa bila nta), kinatoa mstari mwembamba uliokatika safi, ambao ndio wa klasiki na gamini. Kwa hiyo usiangalie picha ya ua tu, angalia ukingo wake kwa umbali wa shubiri moja.

Kingine ni wanga. Kitambaa cha bei ndogo kimesimama dukani kwa sababu ya wanga. Sugua kona kati ya vidole mara kumi. Kikilegea na unga mweupe ukatoka, baada ya kufuliwa kitaning'inia. Ua la pembe kali lililokaa vizuri kwenye kitambaa kilichosimama litajikunja na kupoteza pembe zake.

#12 Mkasi Mkali
Hapo #11 umesema la maana kuliko wote. Na ndiyo sababu kitambaa kiloweshwe kabla ya kukatwa. Chora mraba wa inchi 10 kwa kalamu kwenye kona, loweka, anika, piga pasi, pima tena. Ukikuta 9 na nusu upande wa urefu, gauni la inchi 42 lingekuja kuwa 40 kasoro kidogo. Na rudio nalo limepungua, hesabu zako za #2 zifanye upya.

#13 Kipimo
Niingie na mistari, maana kila anayeandika "chagua ua kwa umbo" anasema mistari ya kulala inanenepesha. Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, aliandika mwaka 1867 kwamba miraba miwili iliyo sawa, mmoja una mistari ya kulala na mwingine ya kusimama, ule wa mistari ya kulala unaonekana mrefu na mwembamba. Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alilijaribu hilo kwenye picha za wanawake waliovaa nguo, na hakuona unene huo unaosemwa. Kwa hiyo ushauri huo tuuache.

#14 Sindano 14
Mkuu, mraba hauna tumbo. Mstari wa kulala ukipita juu ya tumbo unapinda, na mpindo ule ndio unaochora umbo. Kitambaa kikiwa kinabana, mistari inakuwa ramani. Kikiwa kimelegea, mistari inabaki imenyooka na hapo Helmholtz wako anaweza kuwa na haki. Pia upana: mstari wa robo inchi wenye nafasi ya robo inchi, na mstari wa inchi 3 wenye nafasi ya inchi 3, haviwezi kuwekwa kapu moja.

#15 Kipimo
Nakubali la kupinda. Lakini hilo ni kosa la kubana, si la mstari.

#16 Sindano 14
Basi tumerudi kwa #1: mshono.

#17 Leso ya Mombasa
Hamjambo. Mbona hakuna aliyetaja leso (kanga)? Hapo mchoraji ameshakuamulia: pindo pembeni, mji katikati, jina (yale maneno yaliyoandikwa) chini. Ua halirudii kama kitenge, limepangwa kwa nguo isiyokatwa. Ukiikata ndipo shida huanza.

Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Jina lilale sawa, lisomeke, basi urefu wako wote ni hizo 110, toa 3 za upindo. Mtu ambaye kutoka bega hadi kifundo ni sentimita 140, gauni litamwishia chini kidogo ya goti. Akitaka dera la kufika chini, itabidi leso izungushwe, 150 ziwe urefu, na jina lisimame ubavuni kama bango la barabarani. Njia ya tatu: kata shingo na mabega kwa kitambaa cha rangi moja, sentimita 30, kisha leso ianzie kifuani na jina likae kwenye pindo la chini. Unapata urefu na maneno hayapotei.

Na angalia jina linapotua. "Nani kama mama" makalioni, watu watasoma tu.

#18 Bi Pindo
Mji wenye ua moja kubwa katikati na pembe nne, ukiwa gauni, ua linatua tumboni. Kwa mjamzito sawa, kwa wengine hapana. Leso ya mji uliotawanywa, vidoti au korosho ndogo, ndiyo rahisi kushona. Kisutu pia, ile leso ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, mji wake ni mdogo na umejaa, unakubali mkasi. Klasiki wote humu, kisutu kinawafaa msitafute mbali.

#19 Mvivu wa Pasi
Klasiki akivaa kisutu siku ya kawaida ataulizwa harusi ni lini.

#20 Kamati ya Sare
Naleta tatizo la kweli. Sare. Wanawake 25, kitenge kimoja, kuna mwenye saizi 8 na mwenye saizi 22, kuna drama kuna gamini. Hapo nadharia ipi inafanya kazi?

#21 Duka la Kona
#20, nunua ua lisilo na juu wala chini, rudio lisizidi inchi 12, ua lenyewe lisizidi kiganja, nafasi kati ya ua na ua inchi 2 hadi 3, ardhi ya rangi ya kati au nyeusi. Jora zote ziwe za namba moja ya rangi, na zinunuliwe siku moja. Mzigo mwingine wa ua lile lile unaweza kuja na nyekundu iliyopauka, na kwenye picha ya pamoja inaonekana. Kila mtu apewe nusu yadi ya ziada kuliko fundi alivyosema.

#22 Bi Pindo
Huo wa kiganja ndio tunaubishia. Kiganja cha nani? Mtu wa saizi 22 ua la inchi 3 kwake linakuwa vumbi, mwili unaonekana uwanja mkubwa wenye nukta. Mtu mdogo ua la inchi 9 linakatwa na mshono wa kubana kiuno likabaki robo. Ua lifuate mwili: ngumi yako mwenyewe ndiyo ua la kati. Kubwa ni ngumi mbili.

#23 Mkasi Mkali
Kwa sare achague ua moja, mishono iwe tofauti. Mwenye mwili mkubwa apewe sketi ya vipande viwili, isiyo na marinda, ua lionekane zima. Mwenye mwili mdogo aepuke pande sita, kila kipande cha chini ya inchi 8 kinachinja ua. Marinda nayo: rinda la inchi 1 linaficha inchi 2 nyingine, kwa hiyo theluthi mbili ya ua imezama ndani. Kitambaa cha mistari kikiwekewa marinda kinaweza kugeuka rangi moja kabisa, inategemea rinda linaangukia wapi. Kunja kwanza kwa pini, usikate.

#24 Shati la Drafti
Wanaume je? Shati la kitenge, maua hayakutani pale kwenye vifungo, kila siku.

#25 Sindano 14
Kwa sababu fundi analinganisha ukingo kwa ukingo. Linganisha mstari wa katikati, pale vifungo vinapokaa. Kata kwanza upande wa juu, wa matundu. Kunja ukingo wake kwa pasi. Ulaze juu ya kitambaa kizima, sogeza mpaka ua liungane chini yake, chora mstari wa katikati, ndipo uongeze upana wa ukingo wa upande wa vifungo na kukata. Mfuko wa kifuani ukatwe mwisho kabisa, baada ya kuulaza juu ya shati. Ongeza nusu yadi. Ukitaka rahisi, mfuko uwe wa rangi moja, au ukate mshazari kwa makusudi ili ionekane umetaka usilingane. Drafti inalingana kwenye vifungo na mbavuni, usihangaike nayo begani.

#26 Mtoto wa Tanga
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kitenge kipya kikiloweshwa kwenye maji ya chumvi rangi haitoki, sivyo?

#27 Duka la Kona
Ndiyo, vijiko viwili kwenye ndoo, usiku mzima.

#28 Kipimo
Hapana. Chumvi hutumika wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye pamba. Rangi ikishakauka na nguo kuuzwa, chumvi haiifungi. Inayotoka ni rangi iliyozidi, ingetoka hata kwa maji matupu. Fua peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe, anika kivulini, ndani nje. Kujaribu dukani: kitambaa cheupe chenye maji, sugua mara kumi kwenye sehemu nyekundu. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopa kama ardhi ni nyeupe.

#29 Duka la Kona
Wateja wanaoloweka chumvi hawarudi kulalamika.

#30 Kipimo
Hawarudi kwa sababu wameshaloweka usiku mzima na iliyozidi imetoka.

#31 Jicho Kali
Turudi. Kuna anayetaka kuchanganya maua mawili, juu na chini? Rangi moja iwe pamoja kwenye vyote viwili, na ukubwa utofautiane angalau mara tatu: ua la inchi 6 na vidoti vya inchi 2 au chini. Yakikaribiana, 6 na 5, yanagombana. Chui chui yenye madoa madogo na rangi zinazokaribiana ihesabuni kama rangi moja. Na kwa wanaopiga picha: mistari myembamba sana iliyobanana hucheza kwenye kamera kama mawimbi, hata kama machoni imetulia. Piga picha moja kwa simu dukani kabla ya kulipa.

#32 Yadi Sita
Asanteni wote. Ila hakuna aliyenijibu moja kwa moja: mtu mfupi, mwembamba, kipimo kimemwambia klasiki, na tayari ana yadi sita za ua la rudio inchi 24. Afanyeje?

#33 Bi Pindo
Auze. Ua hilo si lake.

#34 Jicho Kali
Inategemea ardhi ni rangi gani. Tupia picha.

#35 Bwana wa Goma
Linaitwaje kwanza?

#36 Mkasi Mkali
Asiuze. Achukue rudio moja tu, inchi 24, ua zima likae mgongoni, juu ya kiuno, bila mshono wa katikati: zipu ihamie ubavuni. Mbele na mikono iwe ya rangi moja, aitoe kwenye rangi ya tatu ya kitenge, siyo ya ardhi. Yadi moja imetosha. Tano zilizobaki amgawie #20, sare imepungukiwa.

#37 Kamati ya Sare
Rudio inchi 24 sitaki, nimeshaambiwa 12.